Tumbo la Kumrudisha Mama Januari

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeanza daftari. Lilikuwa la kuandikia mizani za wateja, lakini wateja hawapo. Msimu wa pamba bado, na fundi mizani nje ya msimu ni mtu wa kukaa kibandani akitazama barabara ya hospitali. Leo bodaboda thelathini na nne zimepita kabla sijanywa chai. Nimezihesabu. Mtu mwenye mke nyumbani hahesabu bodaboda.

Mama Januari yuko Maswa, mtaa wa Binza, kwa mtoto wetu Januari. Alikwenda mwezi wa saba mwaka jana kumsaidia mkamwana wetu, Nancy, aliyejifungua mapacha. Akasema miezi miwili. Hii inakaribia saba! Mapacha wana meno.

Kwenda kukaa huko siwezi. Januari amepanga vyumba viwili, na baba mkwe kulala ukuta mmoja na mkamwana, hapana. Mimi ni Msukuma. Nilikwenda mara moja, nikawekewa kigoda nje, Nancy akaniletea soda akapiga magoti mbali kule, na baada ya saa moja nikaondoka. Saa moja na mke wangu, na nusu yake alikuwa anaogesha watoto.

Kumwambia arudi pia siwezi. Siku anaondoka, mbele ya shemeji zangu wote, nilisema mimi mwanaume kamili, naweza kukaa peke yangu hata mwaka. Mwaka! Nani aliniuliza?

Kwa hiyo inabidi arudi kwa akili yake mwenyewe, mimi nimsaidie tu kuipata. Mwezi wa kumi nilimpigia kwamba paa linavuja. Akasema nimwite fundi. Mwezi wa kumi na mbili nikamwambia kicheche anawamaliza kuku. Akasema niwachinje kabla hajawamaliza. Nikawachinja. Kuku saba, nimekula peke yangu, na sikufurahia hata paja moja.

Kosa langu nimeliona leo. Nilikuwa nataja vitu. Mama Januari haji kwa ajili ya vitu, anakuja kwa ajili ya ugonjwa. Lakini ugonjwa gani? Homa ina kipimo. Presha ina kipimo. Nimewaza mpaka jua likaingia mlangoni, halafu likanijia lenyewe. Tumbo! Kukosa choo! Hakuna mashine ya kunibishia.

Jumanne, 4 Februari

Aibu. Sijui niandike vipi.

Nilipiga saa tatu asubuhi. Nilijilaza kwanza kwenye mkeka ili sauti itoke dhaifu. Nikamsalimia, nikagumia kidogo, nikasema Mama Januari, leo siku ya sita sijapata choo. Kimya. Nikaona haijamwingia, nikaongeza maelezo. Nilieleza ninavyokwenda, ninavyokaa, ninavyorudi. Neno "gumu" nililisema mara tatu.

Ndipo sauti nyembamba ikasema, pole sana baba.

Nancy! Akaeleza kuwa Mama Januari alikuwa anafua nepi, mikono ina povu, akamwambia mkamwana amshikie simu, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Mkamwana wangu! Mtu ambaye hata mkono sijawahi kumpa!

Nilikata. Nikazima simu. Nikaifunika na sufuria, na sufuria nikaiwekea jiwe. Zamani mzee akijivunjia heshima namna hii alipeleka mbuzi kwa mkamwana kusafisha uso. Mbuzi sina. Hata kuku nimewala.

Jumatano, 5 Februari

Nimelala vibaya lakini nimeamka na wazo zuri. Aibu imeshapita, faida inakuja. Mama Januari hawezi kusikia siku sita akakaa. Nimefagia, nimefua shuka, nimeondoa baiskeli chumbani.

Nimemwambia Sylvester kuwa mke wangu anarudi. Sylvester ni fundi cherehani, kibanda chake kimetazamana na changu. Kila saa sita mkewe Veronica anamletea sahani iliyofunikwa kitambaa, anakaa naye mpaka amalize, na Sylvester anatafuna akinitazama mimi. Kila siku! Leo aliposikia habari akasema hongera, halafu akauliza kama ni yeye Mama Januari aliyesema anarudi au ni mimi. Mtu mwenye wivu.

Saa nane nikafungua simu. Ujumbe wa Januari: baba, mzigo wako upo kwenye gari la saa tisa. Nikavaa shati la kanisani. Mzigo, na mwenye mzigo hawezi kuwa mbali nao. Nimefika stendi kabla ya gari. Wakashuka watu wote, nikawatazama mmoja mmoja, mpaka dereva akanikabidhi kiroba akauliza kama bado nasubiri mtu. Nikamwambia nasubiri jua lipungue.

Kiroba kina michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, choroko, kunde, ndizi mbichi, vitunguu vya aina zote mbili, na unga wa dona. Juu yake wameandika kwa maka peni jina langu, Selestini, mtaa wangu wa Somanda, na namba ya simu ya Nancy kama mtumaji. Ndani kuna barua. Mwandiko wa mkamwana. Kurasa mbili kuhusu tumbo langu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeisoma barua mara tatu, mara moja nikiwa nimefumba jicho moja kwa heshima.

Nancy anasema yeye na mama wamefundishwa kliniki na muuguzi wa lishe. Anasema huko chini kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria wazuri, mamilioni na mamilioni, na wana njaa. Sembe ninayokula mimi inaishia juu, haiwafikii. Wao wanangoja kile ambacho tumbo la mtu limeshindwa kusaga, yaani nyuzinyuzi za kwenye kunde, vitunguu, dona, michembe. Hizo ndizo chakula chao. Wakishiba wanalinda utumbo, na choo kinakuwa laini. Ameandika "laini" na kupigia mstari. Nianze kidogo kidogo, ninywe maji mengi, na nisishtuke tumbo likiunguruma siku za kwanza, ndio wanaanza kazi.

Nimekaa nikafikiri. Mamilioni! Wanakula pamoja, wanaunguruma pamoja. Tumbo langu lina watu kuliko nyumba yangu.

Halafu nikaona mtego. Nikila hivi vitu, nitapona. Sawa, siumwi, lakini nitazidi kutoumwa. Nikinenepa, nani atapanda gari kuja kumuuguza mtu mnene? Kiroba lazima kiondoke, na mimi lazima niumwe kiukweli kidogo, sauti ipate ushahidi.

Nimempa Ndalahwa. Ndalahwa ni mlinzi wa ghala la pamba hapa mbele, mzee kutoka kijiji cha Migato, anaishi kwenye kibanda cha getini na hana mtu. Tumbo lake ndilo bovu kweli, kila siku analalamika. Amekipokea kiroba kwa mikono miwili, akasema wabeja, yaani asante, wabeja sana, mpaka nikaona haya.

Mimi nimenunua chipsi, maandazi na soda. Sahani nimeweka uso kwa uso na Sylvester.

Jumamosi, 8 Februari

Mama Januari amepiga! Yeye mwenyewe, simu sikioni, nilihakikisha kwanza. Akauliza kama nimekula vile vitu. Nikasema vyote. Akauliza kuna nafuu. Nikasema hakuna. Hata kidogo? Hata kidogo. Tumbo linaunguruma? Nikasema liko kimya. Akasema ajabu, muuguzi alisema lazima liungurume.

Kisha akanipa somo jingine. Nichemshe viazi au michembe jioni, niache vilale, nivile asubuhi vikiwa baridi. Wanga ukipoa unakuwa mkaidi, haukubali kusagwa huku juu, unateremka wote mpaka kwa wale bakteria. Nikamwambia kwa viporo mimi ndiye mwalimu wake muuguzi, mwezi wa saba huu nala viporo.

Akacheka. Kile kicheko cha kuvutia pumzi ndani. Sijakisikia tangu mwaka jana, na nimegundua nilikuwa nimeanza kukisahau kinavyoanza. Neno likanifika mpaka kwenye meno. Nilitaka kusema rudi, nyumba ni kubwa mno.

Nikasema netiweki mbaya. Nikakata.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa, padri amenipa mkono akauliza Mama Januari hajambo. Nimesema anarudi wiki hii. Sasa nimemdanganya na padri.

Jambo jingine. Tangu Alhamisi sijapata choo. Kweli kabisa, siyo mpango. Chipsi na maandazi siku tatu! Nimekwenda mara nne. Nimekaa. Nimerudi. Kila kitu nilichomweleza Nancy kimekuja kama nilivyokieleza, kwa mpangilio uleule.

Lakini nimefurahi kidogo. Sasa sisemi uongo. Nimepiga simu kutoa taarifa, haikupokelewa. Baadaye Januari akaandika kuwa mama ameenda kanisani na watoto, na kwamba Nancy ananisalimu na anauliza vipi. Vipi nini? Sikujibu.

Jumatatu, 10 Februari

Sikulala. Nimejikunja kama mundu. Raha ya kusema kweli imeniisha saa kumi alfajiri.

Dawa ya duka naogopa. Nikakumbuka barua. Michembe! Kiroba kiko mita hamsini kutoka mlangoni pangu. Nikaenda kwa Ndalahwa kukiomba kwa ujanja, nikamwambia nataka kukagua kama panya hawajaingia.

Nimemkuta anafagia geti huku anaimba. Anaimba! Ndalahwa, ambaye wiki iliyopita alikuwa anashika ukuta akiinuka! Akasema wale wageni wa tumboni aliosimuliwa na mimi wameamka, hajapata kuwa mwepesi hivi tangu alipokuwa anachunga. Nikaomba nirudishiwe japo kibaba kimoja cha michembe. Akakataa. Akasema kitu cha kupewa hakirudi kilipotoka, ila kikiwa kwenye sahani ni cha wote. Akanivutia ndoo niikalie.

Tumekula michembe iliyolala, kwa karanga, na choroko za jana. Baridi. Tumekunywa maji mengi. Ndalahwa amenisimulia ng'ombe wake wa zamani mmoja mmoja, rangi na tabia, na amefika wa kumi na moja tu. Akasema nije kesho kwa wale waliobaki.

Jumatano, 12 Februari

Imefunguka! Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi! Nimetoka nje nikanyoosha mikono mbele ya barabara yote. Veronica aliyekuwa anapita akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Jana tumbo liliunguruma mchana kutwa. Wamerudi kazini. Nilikuwa nawasikiliza nikiwa nimekaa kibandani. Siyo mazungumzo, lakini ni kitu.

Nimekwenda kumpa habari Ndalahwa, tukala tena. Ndizi mbichi za kuchemsha, na kunde. Ng'ombe wa ishirini na sita alikuwa mwizi wa mahindi. Nimekaa mpaka saa nne, na niliporudi kibandani nimegundua sijahesabu bodaboda hata moja tangu Jumatatu.

Lakini Ndalahwa ni Ndalahwa. Jioni akifunga geti analala zake, mimi narudi kwenye nyumba ileile. Nimejilaza upande wangu wa kitanda, ule wa pili nimeuacha. Sijui kwa nini nauacha, hakuna anayeuhitaji.

Msimamo wangu: nimepona, ila kwa simu bado naumwa. Nimefikia siku ya kumi na nne.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeharibikiwa.

Ndalahwa hajui kusoma vizuri, lakini namba anazijua. Leo asubuhi ameitazama ile namba kwenye kiroba akaona siyo utu kula vya mtu bila kushukuru. Akaongeza salio akapiga. Amenieleza mwenyewe, tukiwa tunakula, anatabasamu! Akasema amepokelewa na binti mwenye adabu sana. Amemwambia wabeja kwa michembe, wabeja kwa choroko, fundi Selestini alimpa kiroba chote siku ya pili yake tu, hakubakiza hata kitunguu, moyo wa ajabu. Amemwambia yeye amepona, na fundi naye amepona, jana alinyoosha mikono barabarani.

Nikauliza binti alisema nini. Akasema binti alisema tu asante baba, nitamwambia mama.

Nimeshindwa kumalizia sahani. Ndalahwa akaimalizia. Wala simlaumu, amefanya utu. Nimefunga kibanda saa tano nikaenda kulala na viatu.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Januari amepiga saa moja asubuhi. Nilidhani atafoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufoka, nina majibu matatu. Hakufoka. Alikuwa anaongea taratibu, na nyuma yake kulikuwa kimya, nadhani alitoka nje ya nyumba.

Akasema ameshajua. Hata la paa alijua, na la kicheche, maana kicheche gani anawamaliza kuku wetu na kuacha jogoo wa jirani. Akasema mapacha sasa wanakaa wenyewe. Nancy anaweza. Tena Nancy mwenyewe, tangu ile simu ya siku sita, amekuwa akimwambia mama nenda nyumbani, baba hana mtu. Akasema begi lake limefungwa tangu Jumatano ya wiki iliyopita, lipo nyuma ya mlango, kila asubuhi analiangalia.

Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikahamisha simu sikio la pili.

Kisha akasema Baba Januari, nakuuliza kitu kimoja, unijibu mara moja. Unataka nije kwa sababu ya tumbo, au unataka nije?

Mtego! Nimeishi na huyu mwanamke miaka thelathini na moja, najua mtego nikiuona. Nikisema nataka aje tu, nimekubali kuwa tumbo lilikuwa uongo, na ule mwaka niliojisifu mbele ya shemeji zangu umenishinda mwezi wa saba. Atawasimulia. Watacheka mpaka msimu wa pamba. Nikafikiri haraka sana, kuliko nilivyowahi kufikiri.

Nikasema ni kwa sababu ya tumbo.

Kimya. Nikadhani netiweki. Nikasema haloo, haloo. Alikuwepo, nilisikia anapumua. Akasema basi tumshukuru Mungu, tumbo limepona. Akasema atakaa mpaka watoto watembee. Akanitakia kazi njema.

Nilimjibu na wewe pia. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nadhani hakushuku kitu.

Mchana Veronica alikuja na sahani kama kawaida, leo amevaa gauni jekundu, na Sylvester amevua kofia kumpokea. Niligeuza kiti nikatazama ukuta.

Jumapili, 16 Februari

Siku mbili nimechunguza wapi nilikosea, na nimepata. Tumbo! Tumbo halikuwa chaguo zuri. Ni kitu cha ndani, kinaponyeka kwa michembe, na kila mtu ana dawa yake. Nilihitaji ugonjwa wa nje, unaoonekana, usio na chakula chake.

Goti.

Goti haliponi kwa kunde. Goti linataka mtu wa kukuletea maji, wa kukufungulia mlango, wa kukaa upande wa pili wa kitanda ukitaka kugeuka. Nimechagua la kushoto, la kulia nalihitaji kwa baiskeli. Kesho saa mbili asubuhi nampigia Januari, siyo wao, simu sikioni, na nitasema nimeanguka kwenye ngazi. Ngazi sina, nitaazima. Ndalahwa nitamwambia asipige simu kwa mtu yeyote. Asubuhi aliniita kula, ng'ombe wa thelathini na tatu, nikamwambia nina kazi.

Nimefanya mazoezi ya kuchechemea kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele. Mara nne. Hakuna aliyeona, lakini naona linaenda vizuri.